Gari linaloandika safari zako: sitara ya Muislamu iko wapi?

KILA sifa njema anastahiki Allah, Mola wa viumbe wote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake, Maswahaba zake na kila aliyefuata mwenendo wao kwa wema hadi Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, katika Sura An-Nahl, aya ya 8, Mwenyezi Mungu (s.w.) anatukumbusha neema ya farasi, nyumbu na punda, aliowaumba ili tuwapande na wawe pambo kwetu. Kisha anatujulisha kuwa anaumba na vingine tusivyovijua. Wanazuoni wengi wa zama zetu wameona kuwa aya hii inavikusanya vyombo vyote vilivyokuja baadaye: garimoshi, motokaa na ndege. Hizo ni neema, na kila neema ina mtihani wake. Punda wa babu zetu aliijua njia ya shambani, njia ya sokoni na njia ya msikitini, lakini hakuwa na ulimi wa kwenda kumsimulia mtu safari za bwana wake. Gari la leo lina ulimi huo, na linasema.

Makala yetu ya Ijumaa hii inahusu magari mapya yaliyounganishwa na intaneti, na taarifa ambazo magari hayo hukusanya juu ya mwenye gari na familia yake. Huenda msomaji akasema kuwa jambo hili ni la Marekani na Ulaya, na sisi magari yetu ni ya mtumba. Namuomba awe na subira. Sehemu ya jambo hili imekwisha kutufikia, na hukumu zake za kisheria zinagusa hata simu iliyomo mfukoni na kifaa kidogo cha kufuatilia gari ambacho fundi hukifunga kwa muda mfupi tu.

Gari lililogeuka kuwa karani

Magari mengi mapya hutoka kiwandani yakiwa na laini ya simu iliyofichwa ndani yake. Kwa laini hiyo gari hupeleka habari kwa kampuni iliyolitengeneza bila ya dereva kubonyeza chochote. Setilaiti hulijulisha mahali lilipo. Vipimo vilivyomo ndani huandika mwendo, namna breki zilivyokanyagwa, saa ya kuondoka na saa ya kufika. Baadhi ya magari yana kamera zinazotazama nje na nyingine zinazomtazama dereva. Na pale unapoiunganisha simu yako na redio ya gari, aghalabu majina na namba zote za jamaa zako huingia humo pia.

Mwezi Machi 2024, gazeti la New York Times la Marekani lilifichua kuwa kampuni ya General Motors ilikuwa ikizipeleka taarifa za uendeshaji wa wateja wake kwa makampuni mawili yanayofanya biashara ya habari za watu, LexisNexis na Verisk. Makampuni hayo nayo yaliyahudumia makampuni ya bima. Dereva mmoja aliyeona ada yake ya bima imepanda kwa asilimia 21 aliomba aoneshwe faili lake. Akapewa kurasa 258. Ndani yake mlikuwa na safari 640 alizofanya yeye na mkewe katika muda wa miezi sita: siku, saa ya kuondoka, saa ya kufika, umbali, mara walizozidisha mwendo na mara walizokanyaga breki kwa ghafla. Jambo ambalo halikuandikwa humo ni mahali walipokwenda.

Siku chache baada ya habari hiyo kutoka, kampuni ilitangaza kuwa imeacha kupeleka taarifa hizo. Mwezi Agosti mwaka huo huo Mwanasheria Mkuu wa jimbo la Texas aliishitaki. Na mwezi Januari 2025, Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliituhumu kuwa ilikusanya taarifa za mahali magari yalipo, wakati mwingine kila baada ya sekunde 3, na kwamba namna ya kuwaandikisha wateja katika mpango huo ilikuwa ya kupotosha. Tume ikatangaza mapatano ya kuizuia kampuni kwa miaka 5 isizitoe taarifa hizo kwa mawakala wanaoandaa taarifa za wateja.

Wala hili si la kampuni moja. Mwezi Septemba 2023, taasisi ya Mozilla ilichunguza kanuni za faragha za makampuni 25 ya magari. Hakuna hata moja iliyofaulu. Asilimia 84 zilisema kuwa zinaweza kuwapa wengine taarifa za wateja, na asilimia 76 zilisema kuwa zinaweza kuziuza. Makampuni mawili, katika orodha ya mambo wanayoweza kuyakusanya, yaliandika hata mambo yanayohusu unyumba wa mteja. Muislamu mwenye haya hana haja ya kufafanuliwa zaidi.

Mwaka 2023 shirika la habari la Reuters liliripoti, kwa mujibu wa wafanyakazi wa zamani wa Tesla, kuwa kati ya mwaka 2019 na 2022 kulikuwa na wafanyakazi waliokuwa wakirushiana picha zilizonaswa na kamera za magari ya wateja, zikiwemo za mtu asiye na nguo. Mwezi Mei 2023 Toyota nayo ilitangaza kuwa taarifa za wateja wake wapatao milioni 2 na laki 1 na nusu nchini Japani, zikiwemo za mahali magari yalipo, ziliachwa wazi kwa takriban miaka 10 kwa sababu ya kosa la mpangilio wa kompyuta. Na Disemba 2024 ilidhihirika nchini Ujerumani kuwa taarifa za magari ya umeme yapatayo laki 8 ya kundi la Volkswagen zilikuwa zikifikika mtandaoni. Kwa magari laki 4 na elfu 60 hivi kati ya hayo, mtu angeweza kujua kwa usahihi mkubwa yaliegeshwa wapi.

Sheria ya Kiislamu inasemaje?

Msingi wa kwanza ni katazo la kupelelezana, yaani tajassus. Limo katika Sura Al-Hujurat, aya ya 12. Ukiizingatia aya hiyo utaona mpangilio wake una hekima kubwa. Imeanza kwa kuonya juu ya dhana mbaya, ikafuatia kwa kukataza upelelezi, kisha ikakataza kusengenya. Hizi ni hatua tatu za njia moja. Mtu huanza kwa kushuku, shaka ikamsukuma kuchungua, na alichokipata kwa kuchungua akakipeleka kwa wengine. Tazama sasa biashara tuliyoieleza. Kampuni ya bima inamshuku kila dereva, gari linamchungua, na wakala anaipeleka habari yake kwa malipo. Hatua ni zile zile tatu.

Msingi wa pili ni kuomba idhini. Sura An-Nur, aya ya 27 na 28, zimetufundisha tusiingie nyumba zisizo zetu mpaka tuombe ruhusa na tuwasalimie wenyewe, na tukiambiwa turudi basi turudi. Katika hadithi iliyopokelewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Sahl bin Saad (r.a.), mtu mmoja alichungulia kwenye tundu la chumba cha Mtume (s.a.w.). Mtume akamkemea kwa ukali mkubwa, akabainisha kuwa idhini imewekwa kwa sababu ya jicho. Hapa pana faida kubwa ya kielimu. Sababu ya hukumu si kuvuka kizingiti kwa mguu. Sababu ni jicho kufika pale ambapo mwenyewe hakulipa ruhusa. Kwa hiyo aliyesimama nje na jicho lake likaingia ndani amekosa, hata kama mguu wake haukuingia. Na kamera iliyofungwa ndani ya gari, ikitazamwa na mtu aliye bara nyingine, ni jicho.

Msingi wa tatu ni amana. Abu Daud na Tirmidhi wamepokea kutoka kwa Jabir (r.a.) kuwa mtu akizungumza na mwenzake huku akigeuka kuangalia kama yupo anayesikia, basi mazungumzo hayo ni amana. Mzungumzaji huyu hakusema kuwa jambo hilo ni siri. Hakuandika mkataba. Kugeuka kwake tu kumetosha. Sasa mume na mke wanaofunga milango ya gari na vioo vyake, wakazungumza mambo ya nyumba yao, je, hawakugeuka kuangalia? Bila shaka wamefanya zaidi ya kugeuka.

Kutokana na misingi hii mitatu tunaona kuwa gari la mtu, kwa njia ya kiasi, linaingia katika hukumu ya mahali penye sitara. Si sawa na nyumba kwa kila hali, kwani gari hupita barabarani na watu huliona. Jirani akikuona umeegesha mbele ya hospitali hakukupeleleza, kwa sababu macho yamekutana njiani. Lakini mtu akiandika katika daftari kila ulipokwenda kwa miezi sita, mchana na usiku, huyo haoni tena gari. Anayasoma maisha yako. Atajua ni lini ulianza kwenda kwa daktari, ni nani unayemsaidia kwa siri, na ni usiku gani hukulala nyumbani kwako. Mambo ambayo moja moja yako wazi, yakikusanywa pamoja huwa ni siri.

Waislamu tuna sababu ya ziada ya kulizingatia hili. Mwezi Novemba 2020 ilifichuliwa nchini Marekani kuwa taarifa za mahali walipo watumiaji wa programu ya simu ya Muslim Pro, ambayo mamilioni ya waumini huitumia kujua nyakati za swala na upande wa Qibla, zilikuwa zikifika kwa kampuni ya X-Mode. Kampuni hiyo iliuza taarifa za mahali watu walipo kwa wakandarasi wa jeshi la Marekani. Baada ya kelele za waumini, wenye programu walitangaza kuwa wamevunja uhusiano na kampuni hiyo. Ikiwa safari ya kwenda kwenye swala ya Alfajiri imeweza kuwa bidhaa kupitia simu, hakuna kinachozuia isiwe bidhaa kupitia gari.

"Asiye na kosa ana hofu gani?"

Wapo watu wema wanaouliza swali hilo, nao wanastahiki kujibiwa kwa adabu na kwa dalili.

Al-Hakim amepokea kuwa Umar bin Al-Khattab (r.a.), akiwa Khalifa, alizunguka usiku mjini Madina pamoja na Abdur-Rahman bin Auf (r.a.). Wakaona mwanga wa taa katika nyumba moja, wakasikia sauti zimepaa. Umar alimwambia mwenzake kuwa hiyo ni nyumba ya Rabia bin Umayya, na kwamba watu waliomo wanakunywa ulevi wakati ule. Akamuuliza anaonaje. Abdur-Rahman akajibu kuwa anaona wao wawili ndio wamefanya lile alilolikataza Allah, kwani wamepeleleza. Umar akageuka, akaondoka, akawaacha.

Zingatieni, ndugu zangu. Waliomo ndani hawakuwa wasio na kosa. Aliyesimama nje hakuwa mfanyabiashara wa habari za watu. Alikuwa ni Amirul-Muuminina, mwenye dhamana ya usalama wa mji mzima. Pamoja na hayo aliona kuwa njia iliyomfikisha kwenye ukweli haikuwa halali, naye akarudi nyuma. Basi ikiwa sitara ya mkosaji imeheshimiwa namna hiyo, vipi kuhusu mama anayempeleka mwanawe shule?

Jibu la pili ni kuwa kumbukumbu ya mashine ina upungufu, hata pale inaposema kweli. Gari huandika kuwa saa 1 na dakika 10 dereva alikanyaga breki kwa ghafla. Haliandiki kuwa mtoto alirukia barabarani akifuata mpira wake, na kwamba breki ile iliokoa roho. Katika faili la bima dereva huyo ni mzembe, ilhali mbele ya Allah huenda ana thawabu. Sisi tunaamini kuwa kila neno letu linaandikwa na Malaika, kama ilivyo katika Sura Qaf, aya ya 18. Lakini Mwenye kuhukumu kwa maandishi hayo ni Mjuzi wa nia na sababu, wala hamdhulumu yeyote. Mwanaadamu anayehukumu kwa nusu ya ushahidi, na mshitakiwa mwenyewe hajui kuwa ameshitakiwa, hawezi kusalimika na dhulma.

Lakini mteja alikubali

Hoja nyingine ni kuwa mteja alitia saini au alibonyeza neno la kukubali. Hoja hii inahitaji kupimwa kwa mizani ya fiqhi. Sura An-Nisaa, aya ya 29, imeifanya ridhaa ya pande zote mbili kuwa sharti la biashara. Na ridhaa, kwa mafakihi, haiwi ridhaa pasipo ujuzi wa kile kinachoridhiwa. Ndiyo maana wamekataza biashara ya kitu kisichojulikana, yaani gharar, mithili ya kuuza samaki aliye baharini.

Mtu aliyelipia gari, akaambiwa na muuzaji abonyeze hapa ili taa za dashibodi zifanye kazi vizuri, kumbe chini ya kidole chake kulikuwa na kurasa nyingi za lugha ya wanasheria, huyo hakuiuza siri yake. Ameuziwa asichokijua na amechukuliwa asichokitoa. Tena ndani ya gari hilo hupanda mkewe, wazazi wake na wageni wake, ambao hawakubonyeza kitu. Mtu hana mamlaka ya kutoa idhini juu ya sitara ya mwenziwe.

Ama pale ambapo mteja ameelezwa kwa lugha anayoifahamu kipi kitakusanywa, kitakwenda kwa nani na kwa faida gani, akakubali kwa hiari yake ili apunguziwe kiasi fulani, na akikataa hapati madhara, hapo kuna ridhaa, na jambo lina wasaa.

Si kila ufuatiliaji ni upelelezi

Uadilifu unatulazimisha tuseme na upande wa pili. Sheria ya Kiislamu imekuja kuhifadhi nafsi, na teknolojia hii imeokoa nafsi. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, tangu mwezi Machi 2018, aina mpya za magari madogo zinazoidhinishwa zinalazimika kuwa na mfumo unaopiga simu ya dharura namba 112 wenyewe gari linapopata ajali kubwa na kueleza mahali lilipo. Uzuri wa mfumo huo ni kuwa umewekwa ulale, na huamka pale ajali inapotokea tu.

Hapa kwetu Tanzania, Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) hufuatilia mwendo wa mabasi ya mikoani kwa vifaa vilivyofungwa ndani ya mabasi hayo. Hilo si tajassus. Basi limebeba roho za watu, barabara ni ya umma, dereva na mwenye basi wanajua kuwa kifaa kipo, na lengo lake limetangazwa. Imam Al-Mawardi, aliyefariki mwaka 450 Hijria, katika kitabu chake cha Al-Ahkam As-Sultaniyya alikwisha kuweka mpaka: msimamizi wa hisba hapekui yaliyofichika, isipokuwa pale panapohofiwa madhara yasiyoweza kurekebishwa, kama vile mtu kutaka kuuawa.

Kwa hiyo tunaweza kupima kwa maswali matatu. Je, anayefuatiliwa anajua? Je, lengo ni la halali na limebainishwa? Je, kinachochukuliwa ni kwa kadiri ya haja, au kimezidi? Mizani hii inatosha kwa gari, kwa simu na kwa kamera ya mlangoni.

Mpelelezi aliyemo ndani ya nyumba

Hapa tufike kwenye jambo zito kuliko yote, nalo halihitaji gari jipya wala kampuni ya Marekani. Mumo mijini mwetu waume wanaofunga kifaa cha kufuatilia katika gari la mke bila ya yeye kujua, na wake wanaofanya hivyo hivyo kwa waume. Mtu anakaa ofisini na simu yake mkononi, anatazama nukta inayotembea juu ya ramani. Nukta ikisimama mahali asipopajua, moyo wake unawaka moto.

Imam Muslim amepokea kutoka kwa Jabir (r.a.) kuwa Mtume (s.a.w.) amekataza msafiri kuwarudia watu wa nyumba yake usiku kwa kuwashitukiza, akiwa anatafuta hiana yao au anafuatia makosa yao. Mume katika hadithi hii anarudi nyumbani kwake mwenyewe, kwa mke wake wa halali. Nyumba ni yake, haki ya kuingia anayo. Kilichokatazwa ni ile nia ya kuvizia. Na anayevizia kwa setilaiti kila saa ya mchana na usiku yuko karibu zaidi na katazo hilo kuliko yule aliyevizia mara moja baada ya safari.

Kule Marekani jambo hili limefikia kutungiwa sheria. Mwaka 2024 jimbo la California lilipitisha sheria ya kuwalazimisha watengenezaji wa magari waweke njia ya kumkatia aliyemdhulumu mwenziwe uwezo wa kulifuatia gari kwa mbali. Hawakufika huko ila ni kwa sababu walikuwapo wanawake waliokimbia mateso, na gari walilokimbilia ndilo lililowasaliti.

Mwenye shaka na mwenziwe njia yake imo katika Qur'an na Sunna: kuzungumza, kunasihi, kisha wasuluhishi kutoka pande mbili za jamaa, kama inavyoelekeza Sura An-Nisaa, aya ya 35. Kifaa hakisuluhishi. Hata kikimtakasa mwenziwe leo, kesho shaka itaomba ushahidi mwingine.

Ama wazazi, wao ni wachunga na wataulizwa juu ya walichokichunga. Kijana aliyeanza kuendesha gari la baba yake anaweza kuwekewa kifaa, lakini aambiwe. Aelezwe kuwa ni kwa ajili ya usalama wake, na kwamba kadiri atakavyodhihirisha uaminifu ndivyo kitakavyopunguzwa. Vivyo hivyo mwenye lori na dereva wake. Mali ni ya tajiri na ana haki ya kujua iko wapi, lakini hilo liwemo katika makubaliano ya kazi. Kusikiliza kwa siri mazungumzo ya dereva ni haramu. Bukhari amepokea kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.) onyo la adhabu ya risasi iliyoyeyushwa katika masikio ya mwenye kusikiliza maneno ya watu nao wanachukia.

Gari la mtumba na amana iliyomo

Magari mengi yanayoshuka katika bandari za Dar es Salaam na Mombasa yametoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika. Baadhi yao huja na ramani ya kioo iliyohifadhi mahali alipokuwa akiishi mwenye gari wa kwanza, na pengine namba za simu za jamaa zake. Sisi hufurahi kwa kuwa redio inafanya kazi, tukasahau kuwa tumekabidhiwa siri za mtu tusiyemjua. Kutokuwa kwake Muislamu hakuifanyi siri yake kuwa mali yetu. Muislamu akinunua gari kama hilo, amwombe fundi afute kumbukumbu zote, na wala asizipekue kwa kujifurahisha.

Na zamu yake ya kuuza ikifika, afanye hivyo hivyo kwa familia yake. Huwaona watu wakiliosha gari na kulipiga rangi kabla ya kumpelekea dalali, ilhali namba za mama zao, dada zao na wake zao zimebakia katika redio. Kuondoa simu yako tu hakutoshi, kwani nakala ya namba huweza kubakia. Tafuta katika redio sehemu ya kurudisha hali ya kiwandani, ufute kila kitu.

Kwa ndugu zetu wanaonunua magari mapya, hapa au ughaibuni, nasaha ni hizi. Muulize muuzaji, kabla ya kulipa, gari linapeleka taarifa gani na kwa nani. Usimwachie yeye akubonyezee neno la kukubali. Ingia katika mipangilio ya gari na katika programu yake ya simu, uzime kila usichokihitaji. Na bima ikikupandishia ada bila ya sababu unayoijua, uliza kwa maandishi ni taarifa gani waliyoitumia.

Mtu asidhani kuwa kudai haki hiyo ni ukorofi. Katiba ya Tanzania, ibara ya 16, inatambua haki ya faragha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022, ikaanza kutumika mwezi Mei 2023, na ipo Tume inayopokea malalamiko ya wananchi. Kenya nayo ina sheria yake ya mwaka 2019, pamoja na Kamishna wa Data. Uganda vile vile ilitunga ya kwake mwaka 2019. Kwa ujumla, sheria hizi zinampa mtu haki ya kujua kilichoandikwa juu yake na ya kutaka kisahihishwe kikiwa na kosa. Kuzitumia ni katika kuamrisha mema na kukataza maovu, kwani dhulma huota mizizi pale aliyedhulumiwa anaponyamaza.

Na kwa vijana wetu wanaosomea kompyuta, ambao kesho ndio watakaoandika programu hizi na kuketi mbele ya taarifa za watu, wasia wangu ni Sura An-Nisaa, aya ya 58, inayotuamrisha kuzirudisha amana kwa wenyewe. Siku mtakapoona siri ya mtu kwenye kioo chenu na hakuna bosi anayewatazama, mkumbuke kuwa yupo Anayetazama.

Tunamuomba Allah (s.w.) azisitiri aibu zetu, azilinde nyumba zetu, aijaalie mioyo yetu iwe na dhana njema baina yetu, na atupe usalama katika safari zetu za dunia na ile safari kubwa ya Akhera. Amin.

Wallahu a'lam.